Dodoso Limejazwa, Sasa Niandike Namba Gani? Mwongozo wa Kufupisha Majibu ya Kuchagua

Swali hili huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. "Nimekusanya madodoso 200, nimeyaingiza kwenye kompyuta, na programu imenipa wastani wa 2.74 kwenye swali la 6. Hiyo 2.74 niielezeje kwenye ripoti?" Ukirudi kwenye dodoso unakuta swali la 6 liliuliza njia ya kusafiri kwenda kazini: 1 kwa miguu, 2 baiskeli, 3 basi, 4 gari binafsi. Basi 2.74 ni nini hapo? Ni mtu aliyeshuka kwenye baiskeli na bado hajapanda basi. Kompyuta haijakosea, imejumlisha na kugawanya kama ilivyoagizwa. Haijui kwamba ile 3 ni jina tu, kama jezi ya mchezaji.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeshika majibu ya kuchagua kwa mara ya kwanza: utafiti wa chuo, tathmini ya mafunzo, maoni ya wateja, chochote. Nakutajia msimamo wangu mapema ili usinishangae mbele: sehemu kubwa ya kazi hii humalizwa na idadi na asilimia, mradi useme ni asilimia ya nini. Wastani apige hodi kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Dodoso lenyewe, vilevile wahojiwa walivyoliona. Orodha ya vichwa vya safu haitoshi. Utahitaji kujua kama waliambiwa "chagua moja" au "chagua yote yanayokuhusu", na nani aliruhusiwa kuruka swali.
- Ufunguo wa namba: 1 ni nini, 2 ni nini, na "sijui" ilipewa namba gani.
- Data ghafi, pamoja na nakala yake ambayo hutaigusa kamwe. Fanyia kazi nakala nyingine.
- Lahajedwali yoyote. Kwa dodoso la kawaida Excel au ya bure inatosha kabisa. Huhitaji programu ya gharama.
- Sentensi moja kwa kila swali inayosema ripoti inataka kujua nini. Ukishindwa kuiandika, swali hilo halina haja ya takwimu bado.

Hatua ya 1: Weka kila swali kwenye kapu lake

Pitia dodoso na kalamu mkononi. Pembeni ya kila swali andika herufi moja:

- J (jina tu): machaguo hayana mpangilio. Njia ya usafiri, idara, sababu ya kuacha.
- N (ngazi): machaguo yanapanda au kushuka. Sikubaliani kabisa mpaka nakubaliana kabisa. Kamwe mpaka kila siku.
- M (makundi ya namba): umri 18–24, 25–34, saa 0–2, 3–5.
- Y (chagua yote): mhojiwa anaweza kuweka tiki zaidi ya moja.

Maswali ya ndiyo na hapana yaweke kwenye J. Yana upekee wao nitakaoutaja baadaye.

Kosa la kawaida hapa ni kuangalia data badala ya dodoso. Kwenye lahajedwali makapu yote yanafanana, yote ni namba. Tofauti iko kwenye maneno aliyoyasoma mhojiwa.

Hatua ya 2: Ondoa namba ambazo si namba

Madodoso mengi hutumia 9, 88 au 99 kumaanisha "sijui", "sitaki kusema" au "hakujibu". Usipozitoa, zitaingia kwenye hesabu kama watu wengine.

Tuseme watu 190 walijibu swali la ngazi 1 hadi 5 na wastani wao wa kweli ni 3.5. Wengine 10 walisema "sijui". Kama "sijui" iliandikwa 99, wastani utaruka hadi 8.3, na kila mtu ataona kwamba kuna jambo, maana kipimo kinaishia 5. Lakini kama iliandikwa 9, wastani utatoka 3.8. Hiyo inapita salama mpaka kwenye ripoti. Ndiyo maana mimi hupenda 99: inapiga kelele.

Zibadilishe ziwe seli tupu, lakini kwanza hesabu ni ngapi na uiandike idadi hiyo. Mara nyingine "sijui" ndiyo habari yenyewe. Robo ya watumiaji wakisema hawajui kama huduma ipo, hilo si takataka la kufagia.

Na tafadhali, "sijui" si katikati. Mtu aliyechagua "sikubali wala sikatai" ana msimamo wa kati. Aliyechagua "sijui" hana msimamo wa kupimwa. Kumpa 3 ni kumsemea.

Hatua ya 3: Amua asili ya kila asilimia

Shuleni tulifundishwa kwamba namba ya juu ya sehemu ni kiasi na ya chini ni asili. Karibu ugomvi wote wa ripoti za dodoso unatokana na asili.

Chukua mfano. Watu 500 walihojiwa. Kati yao 320 walisema wanatumia maktaba, na hao tu ndio walioulizwa kama wameridhika nayo. Waliojibu swali hilo ni 300. Walioridhika ni 150. Sasa:

- 150 kati ya 500 ni asilimia 30.
- 150 kati ya 320 ni asilimia 47.
- 150 kati ya 300 ni asilimia 50.

Zote tatu ni hesabu sahihi, na mtu mwenye nia yake anaweza kuokota ile inayompendeza. Wewe chagua kwa swali, si kwa matokeo. Ukitaka kujua watumiaji wanaionaje maktaba, tumia 300 na utaje kwamba 20 hawakujibu. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya watu wote ambao maktaba inawafikia na kuwaridhisha, tumia 500. Ile ya 320 huwa na kazi pale unapotaka kuonyesha pia ukubwa wa kutojibu, yaani unaiweka "hakujibu" kama safu mlalo yake kwenye jedwali.

Andika asili chini ya kila jedwali: "Asili: watumiaji wa maktaba waliojibu, watu 300." Inachukua sekunde kumi, na inakuepusha na barua pepe kumi.

Hatua ya 4: Kapu J, majina tu

Hapa kazi ni fupi. Hesabu kila chaguo (COUNTIF, fomula ya lahajedwali ya kuhesabu seli zenye jibu fulani, inatosha), gawanya kwa asili, panga kuanzia kubwa kwenda ndogo. "Nyinginezo" ibaki mwisho hata ikiwa kubwa. Ukitaka namba moja ya kutaja, ni modi: chaguo lililochaguliwa na watu wengi kuliko mengine. Hakuna wastani, hakuna mediani (jibu la mtu wa katikati watu wakipangwa kutoka dogo kwenda kubwa), hakuna mkengeuko sanifu (kipimo cha majibu yanavyosambaa kuzunguka wastani).

Angalia lugha yako unapoitaja modi. Kama basi limepata asilimia 34 na mengine yote yako chini ya hapo, basi ndilo linaloongoza, lakini si kweli kwamba "wengi wa wahojiwa wanapanda basi". Theluthi mbili hawapandi. Kiswahili chetu kina mtego hapa: "watu wengi" ni idadi kubwa tu, "walio wengi" msomaji huelewa kuwa ni zaidi ya nusu. Andika "basi linaongoza kwa asilimia 34" na ugomvi umeisha.

Ukitaka kuonyesha jinsi majibu yalivyotawanyika, toa asilimia ya modi kwenye 100. Hapo juu ni 66: asilimia 66 hawako kwenye chaguo linaloongoza. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo modi inavyozidi kuwa dhaifu kama mwakilishi wa kundi.

Maswali ya ndiyo na hapana: yape 1 kwa ndiyo na 0 kwa hapana. Wastani wa safu hiyo ni sehemu ya waliosema ndiyo, 0.62 ni asilimia 62. Hapa peke yake kwenye kapu J wastani una maana, na ni kwa sababu ni asilimia iliyovaa nguo nyingine.

Hatua ya 5: Kapu N, ngazi

Hapa ndipo watu wanapogombana. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Rensis Likert alipoleta kipimo kinachobeba jina lake, alijumlisha majibu ya sentensi nyingi kupata alama moja ya mtu. Mwaka 1946 mwanasaikolojia mwenzake S. S. Stevens aligawa vipimo katika aina nne na kusema vile vya mpangilio, kama kapu letu N, havistahili wastani, kwa kuwa hatujui kama umbali kati ya "nakubali" na "nakubali kabisa" ni sawa na ule kati ya "sikubali" na "nakubali". Ubishi haujaisha mpaka leo. Wewe huna haja ya kuumaliza ili upeleke ripoti.

Unachohitaji ni kuona jambo moja kwa macho yako. Makundi mawili yenye watu 100 kila moja yaliulizwa kama mafunzo yaliwafaa, 1 ikiwa hapana kabisa na 5 ikiwa ndiyo kabisa:

| Jibu | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 |
|---|---|---|---|---|---|
| Kundi A | 40 | 8 | 4 | 8 | 40 |
| Kundi B | 5 | 20 | 50 | 20 | 5 |

Piga wastani: A ni 3.0, B ni 3.0. Piga mediani: A ni 3, B ni 3. Kundi B kweli liko katikati. Kundi A limepasuka vipande viwili, na ile 3 inayodaiwa kuwawakilisha ilichaguliwa na watu wanne. Mkufunzi anayesoma "3.0" kwa A atadhani mafunzo yalikuwa ya wastani, kumbe kuna nusu iliyofurahi na nusu iliyopoteza siku.

Kwa hiyo, kwa kapu N, fuata mfuatano huu:

1. Onyesha mgawanyo wote kwa asilimia, ngazi zikiwa katika mpangilio wake wa asili. Usizipange kwa ukubwa kama ulivyofanya kwenye J; ukifanya hivyo umevunja ngazi.
2. Unganisha ncha. Jumlisha 4 na 5 upate "waliokubali", 1 na 2 "waliokataa", 3 ibaki peke yake. Kundi A: asilimia 48 walikubali, 48 walikataa, 4 katikati. Kundi B: 25, 25, 50. Msomaji ameelewa bila kuelezwa. Amua namna ya kuunganisha kabla hujaona matokeo, na usiunganishe 3 na 4 ili takwimu zipendeze.
3. Taja mediani kama unahitaji namba moja, pamoja na robo ya kwanza na robo ya tatu, yaani majibu yanayopatikana ukifika robo na robo tatu ya watu waliopangwa kwa mpangilio. Kundi A: robo ya kwanza ni 1, ya tatu ni 5. Kundi B: ya kwanza iko kati ya 2 na 3, ya tatu kati ya 3 na 4, maana mtu wa 25 yuko ngazi ya 2 na wa 26 ngazi ya 3, wa 75 yuko ngazi ya 3 na wa 76 ngazi ya 4. Programu zikitofautiana kidogo hapo usihangaike, kila moja ina kanuni yake ya kukata robo.
4. Wastani, ukitaka sana, uutumie kulinganisha sentensi ileile kati ya makundi au kati ya miaka, ukiwa umeshaonyesha mgawanyo. Mediani ni butu: inaweza kubaki 4 mwaka hadi mwaka huku watu wakihama taratibu kutoka 4 kwenda 5. Wastani huona uhamaji huo.

Kama dodoso lina sentensi kadhaa zinazopima jambo moja, mfano sentensi nane kuhusu kuridhika na kazi, jumla au wastani wa hizo nane kwa kila mtu unafanya kazi vizuri zaidi kuliko wastani wa sentensi moja. Hapo angalia mambo mawili. Sentensi zilizogeuzwa ("Natamani kuacha kazi hii") zigeuze namba zake kwanza: kwa ngazi 1 hadi 5, namba mpya ni 6 kutoa ya zamani. Kisha pima kama sentensi zinakwenda pamoja; kipimo kinachotumika sana ni alfa ya Cronbach, ya mwaka 1951. Ukipata alfa ndogo ajabu au hasi, usiilaumu alfa. Karibu kila mara kuna sentensi uliyosahau kuigeuza.

Hatua ya 6: Kapu M, makundi ya namba

Hapa namba halisi ipo lakini imefichwa ndani ya kundi. Mediani ndiyo rafiki yako. Tuseme watu 200:

- 18–24: 46
- 25–34: 70
- 35–44: 48
- 45–54: 24
- 55 na zaidi: 12

Jumlisha ukishuka: 46, 116… Nusu ya 200 ni 100, na 100 inaangukia kundi la 25–34. Hilo ndilo kundi la mediani, na mara nyingi kulitaja kunatosha. Ukitaka makadirio ya karibu zaidi: toa 46 kwenye 100 upate 54, gawanya kwa 70, zidisha kwa upana wa kundi ambao ni miaka 10, ongeza kwenye 25. Inatoka 32.7, karibu miaka 33. Upana ni 10 na si 9, kwa sababu mtu wa miaka 34 na miezi kumi na moja bado yumo.

Wastani kwa kutumia katikati ya kila kundi unawezekana hadi ufike "55 na zaidi". Katikati yake ni ngapi? 60? 70? Namba yoyote utakayoweka ni yako, si ya wahojiwa. Mediani haijali kundi hilo la mwisho linaishia wapi. Na kama unatunga dodoso sasa hivi na bado hujalitoa: uliza umri kwa namba. Makundi utayatengeneza mwenyewe baadaye. Kutoka kwenye kundi kurudi kwenye namba hakuna njia.

Hatua ya 7: Kapu Y, chagua yote yanayokuhusu

Kapu hili ndilo linaloharibu ripoti nyingi, kwa hiyo tulia nalo.

Kwanza, vunja safu moja iwe nyingi. Kila chaguo lipate safu wima yake: 1 kama mhojiwa aliweka tiki, 0 kama hakuweka. KoBoToolbox, programu ya kukusanyia madodoso, inaweza kukutolea safu hizo tayari. Google Forms inaweka majibu yote ya mtu kwenye seli moja yakitenganishwa na koma, na hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza: chaguo lenye koma ndani yake ("Redio, ya nyumbani au ya gari") litavunjika vipande ukilitenganisha kwa koma. Wa pili: ukihesabu kwa COUNTIF ukitafuta "*redio*", utahesabu pia "redio ya mtandaoni" ambalo ni chaguo jingine. Namba inatoka kubwa, inapendeza, na ni ya uongo.

Pili, amua tofauti kati ya 0 na tupu. Mtu aliyeacha swali zima bila tiki, je, hana hata kimoja au aliliruka? Kama dodoso lilikuwa na chaguo la "hakuna hata kimoja", utajua. Kama halikuwa nalo, hutajua, na itabidi useme hivyo kwenye ripoti.

Tatu, hesabu asilimia ya watu. Mfano: watu 120 waliulizwa wanapata habari kupitia nini. Simu 96, redio 84, televisheni 60, gazeti 24. Tiki zote ni 264.

- Asilimia ya watu (gawanya kwa 120): simu 80, redio 70, televisheni 50, gazeti 20. Jumla ni 220.
- Asilimia ya tiki (gawanya kwa 264): simu 36, redio 32, televisheni 23, gazeti 9. Jumla ni 100.

Wanaoanza huiogopa ile 220 na kukimbilia orodha ya pili kwa sababu inafunga hesabu. Lakini sema kwa sauti maana yake: "asilimia 32 ya tiki ziliwekwa kwenye redio". Nani aliuliza habari za tiki? Msomaji atasoma "asilimia 32 wanasikiliza redio", kumbe ni 70. Tumia asilimia ya watu, na chini ya jedwali andika: "Jumla inazidi 100 kwa kuwa mhojiwa aliweza kuchagua zaidi ya moja."

Ukigawanya 264 kwa 120 unapata 2.2, yaani kwa wastani kila mtu alitaja njia mbili na kidogo. Huo ni wastani halali, maana unahesabu vitu. Lakini kama dodoso lilisema "chagua tatu tu", usiuripoti. Hiyo 3 umeiweka wewe.

Usichore duara la vipande kwa kapu hili. Duara linadai kwamba vipande vinakamilisha kitu kimoja. Chora mihimili iliyolala, mmoja kwa kila chaguo.

Hatua ya 8: Angalia watu wangapi wako nyuma ya asilimia

Asilimia 50 ya watu 8 ni watu 4. Chini ya watu 30 hivi mimi huandika idadi yenyewe, "4 kati ya 8", na kuacha asilimia.

Kama sampuli yako ni nasibu (wahojiwa walichaguliwa kwa kura), unaweza kutaja kiwango cha makosa, yaani umbali ambao asilimia yako inaweza kupishana na ile ya watu wote. Kwa uhakika wa asilimia 95, na asilimia iliyo karibu na 50, kanuni ni: 1.96 mara kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha p × (1 − p) ÷ n, ambapo p ni sehemu (0.5) na n ni watu. Kwa watu 100 unapata karibu pointi 9.8 juu au chini. Kwa 400, pointi 4.9, kwa 1,000, pointi 3.1. Ona kwamba ili kupunguza makosa kwa nusu ulihitaji watu mara nne. Na kama hakuna hata mtu mmoja aliyechagua jibu fulani kati ya 60, kanuni hiyo itakupa makosa sifuri, jambo lisilowezekana. Gawanya 3 kwa idadi ya watu: 3 kwa 60 ni asilimia 5. Ndicho kikomo cha juu cha kukadiria.

Kama ulirusha kiungo kwenye makundi ya simu na akajibu aliyetaka, usiandike kiwango cha makosa kabisa. Kanuni hiyo inapima bahati nasibu ya kuchagua watu. Haipimi kwamba wenye hasira hujibu kuliko walioridhika.

Ukilinganisha asilimia mbili, kutoka 40 kwenda 50 ni ongezeko la pointi 10 za asilimia. Ukisema "imeongezeka kwa asilimia 10" umesema 44.

Hatua ya 9: Jedwali la kukutanisha maswali mawili

Wanawake 80, wanaume 150. Waliokubali: wanawake 60, wanaume 90. Ukigawanya ndani ya jinsia: asilimia 75 ya wanawake walikubali, na 60 ya wanaume. Ukigawanya ndani ya waliokubali: wanawake ni asilimia 40 na wanaume 60. Jedwali ni lilelile, na sentensi ya pili inaonekana kana kwamba wanaume ndio wanaokubali zaidi. Kinachowabeba ni wingi wao tu.

Kanuni: asilimia zifike 100 ndani ya kila kundi unalolinganisha. Unalinganisha jinsia, basi kila jinsia ifike 100.

Mtu akidai kipimo cha kuonyesha kama tofauti ni ya kweli, jaribio la kai-skwea la Karl Pearson, la mwaka 1900, hutosha kwa kapu J, ilimradi idadi zinazotarajiwa kwenye seli zisiwe ndogo. Watu wengi hutumia 5 kama kikomo. Kwa kapu N, uhusiano wa Spearman, unaopima kama majibu ya maswali mawili yanapanda pamoja, unaheshimu mpangilio. Kwa kapu Y usiliweke jedwali zima kwenye kai-skwea, kwa sababu mtu mmoja yumo kwenye safu mlalo kadhaa. Pima chaguo mojamoja.

Mambo yakikwama

*Jumla yangu ni 99, au 101.* Ni ukadiriaji. Theluthi tatu za 33 zinafika 99. Usiongeze 1 kwenye chaguo unalolipenda. Andika kwamba jumla inaweza isifike 100 kwa sababu ya kukadiria.

*Jumla ni 220.* Rudi hatua ya 7. Huenda hujakosea.

*Programu imenipa wastani wa jinsia 1.43.* Kama namba zilikuwa 1 na 2, maana yake asilimia 43 wana namba 2. Andika hiyo 43 na ufute 1.43.

*COUNTIF inahesabu pungufu.* Tafuta nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno, fomula ya TRIM huiondoa. Kisha tazama tahajia. Data iliyoingizwa kwa mkono huwa na "Ndiyo" na "Ndio", na kompyuta inawaona hao kuwa watu wawili tofauti.

*AVERAGE inatoa #DIV/0! na namba ninaziona.* Zimehifadhiwa kama maandishi. Zigeuze ziwe namba kwanza.

*Modi ziko mbili.* Zitaje zote mbili. MODE ya Excel hutoa moja tu bila kukuambia kuna nyingine, ndiyo sababu ya kutazama jedwali kabla ya kuiamini.

*Mediani imetoka 3.5 na hakuna chaguo la 3.5.* Idadi ya watu ni shufwa, na wawili wa katikati wako ngazi ya 3 na ya 4. Andika "kati ya 3 na 4".

*"Nyinginezo" ni asilimia 38.* Hapo dodoso limekushinda, si takwimu. Soma walichoandika mmoja mmoja, unda makundi mapya, na uwahamishe. Ukikuta wengi waliandika kitu kilichokuwa tayari kwenye orodha, wahamishie kwenye chaguo hilo na utaje kwamba umefanya hivyo.

*Kuna chaguo ambalo hakuna aliyelichagua.* Liache kwenye jedwali na 0 yake. Msomaji akilikosa atadhani hukuliuliza.

*Mkubwa anataka namba moja tu kwa swali zima.* Kwa J mpe modi na asilimia yake. Kwa N mpe asilimia ya waliokubali. Kwa M mpe kundi la mediani. Kwa Y mpe chaguo lililotajwa na watu wengi zaidi, na asilimia ya watu waliolitaja. Akisisitiza apewe wastani wa njia za usafiri, mwonyeshe ufunguo wa namba, kisha badilisha namba mbele yake: basi liwe 1, kwenda kwa miguu iwe 3. Wastani utabadilika papo hapo, na hakuna msafiri hata mmoja aliyebadilisha njia.